Kioo Kimoja, Majina Manne

Hapo zamani, lakini si zile za wanyama waliokuwa wakisema. Hizi za juzi, ambazo matope yake bado yako kwenye matairi, palikuwa na dereva mmoja wa malori huko milimani Usambara, katika kijiji cha Kwengwilu. Jina lake Shemweta. Kwa miaka ishirini na sita aliendesha malori ya watu. Alifika Ndola, alifika Lubumbashi, alifika Kigali akala ndizi mpaka akasahau kurudi kwa siku mbili. Na kila lori lilikuwa na jina lililoandikwa nyuma kwa rangi na maua: jina la tajiri, au la mke wa tajiri, na moja lilikuwa na jina la mbwa wa tajiri. Hilo la mbwa Shemweta aliliendesha miaka minne. Madereva wenzake pale mpakani walizoea kumwita kwa jina hilo, Simba, naye akazoea kuitika.

"Hata Simba ana lori," alikuwa akimwambia mkewe. "Mimi sina hata baiskeli yenye jina langu."

Basi alipostaafu, mgongo umepinda kidogo na tumbo limetangulia mbele, ndugu wakachanga kununua gari la kwanza la ukoo. Shemweta alikuwa na haja moja tu moyoni: jina lake liandikwe kwenye kioo cha nyuma. Hakumwambia mtu. Ila katika nyumba ile siri haikai, na kila mtu alijua.

Gari lenyewe lilikuwa la kumbeba mama yake, Bi Mwantumu. Moyo wa bibi yule ulikuwa umechoka. Miguu inavimba, pumzi inakatika, na kila baada ya wiki mbili lazima afike hospitali ya wilaya. Alikuwa akipelekwa kwa pikipiki, amefungwa kwa kanga mgongoni mwa dereva. "Nimebeba watoto saba mgongoni," alikuwa akilalamika, "leo nabebwa mimi, tena na mwanamume nisiyemjua mama yake."

Ndugu wakasema: Shemweta ndiye dereva, Shemweta achague.

Shemweta akateremka Tanga peke yake. Kwenye yadi ya magari akafanya alivyozoea kwenye malori: akafungua boneti, akawasha, akafumba macho, akasikiliza injini. Milango hakuitazama. Viti hakuvitazama. Alisikiliza tu, kama mtu anayeonja mchuzi kwa masikio. Akalipenda gari moja jeusi, refu kwenda juu, matairi yanamfika kiunoni, kioo cha nyuma kipana kama ubao wa darasani. Akalizungusha mara mbili kwenye barabara tambarare, gari tupu, akarudi nyumbani anaimba.

"Nimelipata," akasema. "Ukiliwasha, kuku wa jirani wanaacha kutaga."

"Mama atapandaje?" akauliza mkewe, Mama Tunu.

Hilo Shemweta hakuwa amelifikiria. Mizigo aliyoizoea ilikuwa saruji na shaba, na saruji haina magoti.

Hapo wakaingia kati watu watatu.

Wa kwanza alikuwa Mama Tunu mwenyewe. Alimkalisha mkwewe kitandani, akapima kwa kijiti kutoka sakafuni hadi mahali bibi anapokaa bila kushikwa wala kukunjwa, akakikata hapo hapo. "Kiti cha gari kiwe hivi," akasema. "Kikizidi, tutambeba. Kikipungua, tutamwinua. Hivi hivi."

Wa pili alikuwa Tunu, binti yao, mwalimu wa darasa la tatu, mwenye tabia ya kusahihisha hata salamu. Kwa siku arobaini aliandika kwenye daftari kila safari ya nyumba ile: nani kaenda, wapi, kwa njia gani, kabeba nini. Baba yake alikuwa amesema gari ni la safari za Dar es Salaam. Daftari likasema: Dar es Salaam, hakuna. Sokoni na magunia ya karoti, mara kumi na moja. Msibani, mara tano. Hospitali, mara tatu. Na karibu safari zote zilipita kwenye kidaraja cha mbao kilichoko chini ya kijiji. Tunu akakishukia kile kidaraja na rula yake ya darasani, akarudi amelowa magoti.

"Baba, lile gari lako jeusi haliingii pale," akasema. "Labda ulikunje."

Wa tatu alikuwa jirani yao, Fundi Mbaruku, mwenye gereji ya mabati. "Dereva," akasema, "mimi nitatengeneza chochote utakacholeta. Ila ukileta la ajabu, kipuri chake tutakiona ndotoni. Nunua gari ambalo nusu ya wilaya wanalo. Likikosa heshima, halitakosa ndugu."

Wakateremka Tanga wote wanne. Fundi anaonyesha, Tunu anapima upana, Mama Tunu anaingia gari baada ya gari na kijiti chake. Wauzaji wakacheka.

"Mama, fimbo hiyo ya kumchapa nani?"

"Atakayeniuliza tena."

Kijiti kikakubali kwenye gari moja tu. Lilikuwa fupi, pua imebanwa, milango yake ya nyuma ya kusukuma kwa pembeni, rangi yake ya maziwa yaliyolala. Na kioo cha nyuma kidogo, kama sinia la vikombe viwili.

"Hili sanduku la mkate," akasema Shemweta.

"Basi sisi ndio mkate," akasema mkewe. "Endesha."

Alilipandisha mlimani kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi, asije akaonwa na dereva anayemfahamu.

Miezi mitatu ikapita. Ikaja masika. Mvua ilinyesha siku tatu haikupumzika, na asubuhi ya siku ya nne Bi Mwantumu akaamka pumzi inakwaruza kama msumeno. Akilazwa chali, anakosa hewa. Lazima akae wima, na lazima afike hospitali. Pikipiki zilikuwa hazitembei. Barabara kubwa ilikuwa imefukiwa na udongo. Njia iliyobaki ni ile ya chini, ya kidaraja.

Mama Tunu akausukuma mlango wa gari. Bibi akageuka, akakaa. Hakuinuliwa, hakukunjwa, hakukanyaga ngazi. Pumzi ambayo angeitumia kupanda gari, aliitumia kuishi.

Wakafika kwenye kidaraja. Tunu akatangulia kinyumenyume kwenye mvua, akimwelekeza baba yake kwa mikono. Kulia pakabaki upana wa kiganja. Kushoto pakabaki upana wa kiganja. Gari likapita.

Wakafika karibu na shule. Kitu kikalia chini ya boneti, kikapiga kama kiboko, gari likaanza kuchemka. Mkanda wa feni umekatika. Fundi Mbaruku, ambaye walikuwa wamemchukua njiani na mfuko wake wa spana, akatoka, akatazama huku na huku, akaona gari la mwalimu mkuu limeegeshwa kwenye mti. Gari lile lile. Pua ile ile. Akalifungua boneti bila hodi.

Mwalimu mkuu akatoka ofisini na chaki mkononi. "Fundi, unalifanya nini gari langu?"

"Linachangia damu, mwalimu."

"Na mimi nitarudi nyumbani kwa nini?"

"Kwa miguu, kama mwaka jana."

Mwalimu akachungulia ndani ya gari, akamwona bibi, akaiweka chaki mfukoni, akaja kushika mwavuli juu ya fundi mpaka mkanda ukaingia.

Wakafika kwenye mlima wa mwisho. Udongo mwekundu, umelainika kama maharage yaliyoiva. Shemweta akapanda, matairi yakazunguka, gari likarudi. Akapanda tena, likarudi tena, safari hii limekaa upande. Nyuma yake alisikia pumzi ya mama yake ikihesabika.

Akakumbuka kitu. Huko Zambia, miaka mingi nyuma, akiwa amekwama na lori lake la Simba, alimwona dereva mmoja wa teksi akiupanda mlima wa matope kwa gia ya nyuma. Walimcheka wote, na ni yeye peke yake aliyefika juu. Gari hili linavutwa na matairi ya mbele; likielekea mlimani, mbele panakuwa pepesi. Likigeuzwa, uzito wote unayakalia yale yale yanayovuta.

Akaligeuza.

"Mama, nisamehe," akasema. "Utaenda hospitali umetazama nyumbani."

"Nenda tu," akasema Bi Mwantumu, neno moja kwa pumzi moja. "Nyumbani... napapenda."

Shemweta akageuza shingo, akalenga macho kwenye kile kioo kidogo alichokidharau, akapanda. Hakukanyaga kwa hasira, hakuachia. Kidogo kidogo, kinyumenyume, kona kwa kona, mpaka wakatokea juu. Wakaingia hospitali kwa makalio ya gari. Mlinzi wa geti akainama dirishani.

"Mzee, mnaingia au mnatoka?"

"Tunaingia," akasema Shemweta. "Shingo tu ndiyo inatoka."

Daktari alisema nusu saa zaidi na yangekuwa mazungumzo mengine. Siku ya tisa Bi Mwantumu akarudi nyumbani, uvimbe wa miguu umepungua, pumzi imetulia. Akachinjisha jogoo, akasomesha dua, akampelekea mwalimu mkuu mkanda mpya na gunia la karoti. Kisha akamwita Kanju, mchoraji wa majina ya magari, aje na kopo lake la rangi nyekundu.

"Nawashukuru nyote," akasema mbele ya ukoo. "Kila nikivuta pumzi nawashukuru, na siku hizi navuta nyingi. Lakini kioo kidogo, jina moja. Nani alinifikisha? Semeni."

Mama Tunu akanyanyua kijiti. "Mimi nilimjua mama anavyokaa. Bila kijiti hiki, tungekuwa bado tunamnyanyua mlangoni, na pumzi ingeishia hapo. Hata hicho kidaraja asingekiona."

Tunu akafungua daftari. "Mimi nilijua njia. Bila daftari hili, baba angeleta lile jeusi. Mama, kijiti chako kingemkalisha bibi vizuri sana, upande huu wa mto."

Fundi Mbaruku akafuta mikono. "Mimi nililijua gari. Bila mimi mngenunua la kipekee, na mngefika shuleni mkakaa darasani. Kijiti hakifungi mkanda, daftari halifungi mkanda."

Wote wakamtazama Shemweta.

"Mimi," akasema, akakohoa. "Mimi nilikosea kuchagua, hilo msinikumbushe, mmenikumbusha tangu mwezi wa kwanza. Lakini mlima ule haukupandwa na kijiti, wala daftari, wala mkanda wa mwalimu. Gari zuri lilikuwa limekwama pale pale. Mimi ndiye niliyejua kuliendesha."

"Na lingekuwa gari lako," akasema mkewe, "mama ungempakia wapi? Kwenye boneti?"

Watu wakacheka, na Shemweta akacheka nao, maana alijua ni kweli. Akakitazama kile kioo. Akamtazama mama yake amekaa kwenye kiti chake, anapumua kama mtu yeyote.

"Miaka ishirini na sita nimefikisha shaba za watu," akasema taratibu. "Siku moja nimemfikisha mama yangu. Hata lisipoandikwa jina langu, nashukuru. Ila nikisema silitaki, nitakuwa mwongo."

"Usinilize, mwanangu," akasema Bi Mwantumu, akijifuta kwa ncha ya kanga. "Pumzi yenyewe ya kuazima."

Akamtazama mkwewe mwenye kijiti. Akamtazama mjukuu mwenye daftari. Akamtazama fundi. Akamtazama mwanawe. Kisha akaanza upya kwa mkwewe.

"Bi," akasema Kanju, brashi iko hewani, tone la kwanza limeshaangukia kiatu chake, "rangi inakauka."

Basi nyinyi mliokaa hapa mkisikiliza, msaidieni bibi wa watu. Aliyejua kiti, aliyejua njia, aliyejua gari, na aliyejua kurudi nyuma ili afike mbele: kioo ni kile kimoja, na brashi iko hewani. Je, nani alistahili kuandikwa?