Tumbili Aliyeuza Milio Mitatu

Paukwa!

Pakawa!

Masikio mnayo?

Tunayo!

Hayajanunuliwa?

Bado!

Basi tegeni. Hapo zamani za kale, Bi Mwaka alikuwa tumbili mlinzi. Amefuzu milio mitatu ya hatari. "Kra!" ni Chui: pandeni juu. "Chek!" ni Tai: ingieni vichakani. "Frr!" ni Chatu: tazameni nyasi. Kufuzu kafuzu, mshahara, asante tu. Cheti hakiliwi, jamani! Mwanawe Kipusa alikuwa akishindia magome.

Na falme tatu zilizozunguka mti wao zilikuwa zikigombea kupendwa.

Akaja Chui, mfalme wa msitu, na kapu la matunda. "Dada, hiyo 'kra' inaniharibia imeji. Nikipita, imba: Chui jirani mwema."

Tai, sultani wa anga, akasikia, roho ikamuuma. Akaleta makapu mawili. "Yule paka ana wimbo, mimi nina makelele? Imba: Tai mlezi wa wana."

Chatu, malkia wa nyasi, akaleta matatu. "Na mimi nipige promo, shoga."

Matunda yakaliwa. Watoto wa tumbili wakakariri nyimbo tatu, milio wakaisahau. Bi Mwaka akila, macho yako vichakani. Kila jani likitikisika, anashtuka.

"Mama," Kipusa akauliza, "wakija kweli, utaliaje?"

"Wewe kula!"

Asubuhi moja kivuli kikapita ardhini. Bi Mwaka akakijua. "Chek! Chek! Chek!"

Watoto wakatazamana. "Huo nao wimbo gani, wa kizamani hivyo?"

Kipusa akamwona Tai. Akasimama peupe, akapiga makofi. "Tai mlezi wa wa—"

Hakumaliza.

Machozi hayajakauka, Chui huyo na kapu. "Pole sana, dada. Umeona Tai alivyo katili? Tutungie wimbo wa kumlaani, dunia nzima isikie." Anasema pole, mate yanamdondoka.

Bi Mwaka akalitazama lile kapu. Akalipiga teke.

"Kra! Kra! Kra! Pandeni, wanangu! Huu si wimbo, pandeni!"

Akawasukuma mmoja mmoja, hadi tawi la mwisho kabisa, lile jembamba lisilobeba Chui. Chui akabaki chini na matunda yake.

Funzo? Anayekulipa unyamaze, ujue njaa yake bado haijaisha.

Ngano yangu naitua hapa. Ukiiokota, ni yako. Ukiiuza, usiniite matangani.