Kindi, Kiboko na Kamba ya Kuvukia

Hadithi hii aliitoa kwanza Kalunde binti Misigalo, mwaka 1953, msimu ule ambao mtama ulikauka shambani kabla ya kutoa masuke. Aliwasimulia wanawe na watoto wa jirani, jumla yao sita, baada ya kutwa nzima ya kupura kile kidogo kilichopatikana, mikono yake ikiwa imevimba hata hakuweza kushika kata ya maji. Wapo wanaosema ni hadithi ya shemeji yake. Si kweli. Shemeji aliisikia kwake, akaipunguza.

Alianza hivi:

"Hadithi iko mlangoni!"

"Ifunguliwe, iingie!"

"Ina matope miguuni!"

"Iingie hivyo hivyo!"

"Imechoka, haitaki maswali!"

"Ikae, nasi tutanyamaza!"

Basi ikaingia, ikakaa.

Hapo kale palikuwa na Kindi mmoja, mjane, mwenye watoto watatu na shamba moja. Watoto walikuwa upande huu wa ziwa, ndani ya tundu la mti. Shamba lilikuwa ng'ambo, kwa kuwa upande huu ni mawe matupu. Kila msimu Kindi alivuka kwenda kulima njugu mawe, kisha akavuka kurudi na mavuno. Na mvushaji alikuwa mmoja tu, Kiboko.

Utaratibu wa kuvuka ulikuwa huu. Mzigo ulipandishwa mgongoni kwa Kiboko, karibu na miguu ya Yangeyange, ndege mweupe mwenye sauti kali. Abiria alibaki nyuma, akasimama juu ya kipande cha gome la mti, akashika kijiti kilichofungwa kwenye ncha ya kamba. Ncha ya pili Kiboko aliing'ata kwa meno, akavuta. Na sheria aliitunga Kiboko mwenyewe: anayeachia kamba, mzigo si wake. Kazi ya Yangeyange ilikuwa kutazama kamba na kutangaza.

Asiye na mzigo Kiboko alimvuta taratibu, akisimama kila penye majani mazuri. Mwenye mzigo alivutwa kwa kasi. Nungunungu aliachia, akapoteza viazi. Digidigi aliachia, akapoteza kunde. Ngiri aliachia, akapoteza mahindi pamoja na heshima. Kila mara Yangeyange alipaza sauti, "Ameachiaaa!" Na kila mara Kiboko alijificha kwenye matete, akala, kafu, kafu, kafu.

Mwaka huo Kindi alivuna vikapu vitatu.

Alivuka na kikapu cha kwanza. Kiboko akakata maji, vuuu! Kindi akavuta kijiti mpaka kifuani, akakunja viwiko, akafumba ngumi kama mtu aliyemkaba mwizi. Hawajafika katikati, mikono ikawaka moto. Halafu ikafa ganzi. Halafu ikawa si mikono yake tena.

Chubwi!

"Ameachiaaa!"

Alilishika lile gome, akapiga maji kwa miguu mpaka nchi kavu. Watoto walikuwa wamejipanga kwenye shina.

"Mama, njugu ziko wapi?"

"Ziko njiani."

Alivuka na kikapu cha pili. Safari hii alikaza zaidi, meno yakagongana, mabega yakapanda mpaka masikioni. Vuuu! Moto, ganzi, chubwi! "Ameachiaaa!"

"Mama, na hizi?"

"Nazo ziko njiani."

Watoto wakarudi kutafuna magome. Walikuwa na adabu, hawakuuliza njia hiyo ni ya nani.

Kilibaki kikapu kimoja, amekifukia shambani ng'ambo. Kikienda na hicho, watoto hawangeiona mvua ya kwanza. Kindi alikaa chini ya mti, akaviweka vidole vyake mapajani, akalia.

"Jirani," ikasema sauti kutoka juu, "lia, lakini lia polepole. Ndiyo kwanza nimepata usingizi."

Alikuwa Popo, ambaye mchana wote hulala akining'inia kichwa chini.

"Niwie radhi, jirani. Mikono inaniuma."

"Uliishikaje hiyo kamba?"

"Kwa nguvu zangu zote."

"Basi ndilo kosa. Mimi nikilala kwa nguvu zangu zote, nitaanguka kabla ya adhuhuri. Hebu nitazame. Nimekaza?"

Kindi akainua macho. Vidole vya Popo vilikuwa vimepinda juu ya tawi kama ndoano, na mwili wote umelegea chini yake.

"Hujakaza."

"Tundika vidole, usifumbe ngumi. Nyoosha mikono, iache iwe kamba juu ya kamba. Kunja magoti kidogo, kaa kama unayetaka kukaa kigodani, miguu ibebe uzito. Na pumua. Nimekusikia ukivuka, ulikuwa hupumui."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo, na kuyarudia mpaka uchukie. Sasa nilale."

Kindi akapanda tawi la chini, akatundika vidole, akaning'inia. Mara ya kwanza alikaa muda wa mtu kupiga chafya mbili, akaanguka, puu! Akapanda tena. Kesho yake chafya tatu, puu! Watoto walikaa pembeni wakimpigia chafya za uongo ili ahesabu. Siku moja aliamka vidole vimevimba, akapanda hivyo hivyo.

"Leo hapana," akasema Popo bila kufumbua macho.

"Watoto wana njaa."

"Najua wana njaa, hawaishi kupiga chafya. Hata hivyo leo hapana. Mkono haupati nguvu ukiwa kazini, hupata ukiwa umelala. Mimi ndiye wa kuulizwa habari za kulala."

Akapumzika. Ilimuuma kupumzika kuliko kuning'inia. Lakini alipopanda tena alikaa zaidi, na mwezi ulipokwisha aliweza kuning'inia mpaka sufuria ya magome ichemke.

Hata hivyo Kindi hakujidanganya. Kiboko akiamua kuzunguka ziwa zima, hakuna kidole cha Kindi kitakachotosha. Usiku ule akawa anayafikiria meno ya Kiboko. Naye pia anashika kamba. Na tangu aanze uvushaji hajapata hata mara moja kuishika kwa kasi mpaka mwisho, maana abiria wote huachia njiani. Nani amemfundisha kuning'inia?

Akaenda ng'ambo, akafukua kikapu chake.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Kumbe bado una mikono!"

"Ninayo iliyobaki."

"Pandisha mzigo. Sheria unaijua."

"Naijua. Anayeachia kamba, mzigo si wake. Yeyote, Bwana?"

"Yeyote."

"Hata mwenye meno?"

Kiboko akacheka mpaka maji yakapanda ufukweni. "Hata mwenye meno! Nikiachia mimi, nitakuvusha wewe na mzigo wako mgongoni, bila kamba, na wanao, na wajukuu, mpaka nife. Yangeyange, umesikia?"

"Nimesikia," akasema Yangeyange, ambaye hapitwi na neno.

Vuuu!

Kindi akatundika vidole. Akanyoosha mikono, akakaa kwenye kigoda kisichokuwepo, akapumua. Hawajaenda mbali akaanza kulia kwa wimbo:

"Vidole vyangu vyawaka,
Bwana wangu, naachia!
Bado kidogo nateleza,
Bwana wangu, naachia!"

"Mmmh!" akasema Kiboko, kamba mdomoni. Alitaka kusema, basi achia.

Wakafika katikati. Hakuachia. Miti ya upande huu ikaanza kuonekana, na Nungunungu, Digidigi na Ngiri wamesimama ufukweni kutazama. Kindi akapandisha kilio. "Bwana wangu, naachia! Sasa hivi naachia!" Kiboko akaona ni hasara kumfikisha nchi kavu mtu aliyebakiza pumzi moja tu. Akageuka, akarudi katikati. Vuuu!

Wakazunguka. Wakakaribia tena. "Sasa hivi naachia!" Kiboko akageuka tena. Vuuu!

Wakati huo kilio cha Kindi kilikuwa kimeanza kuwa cha kweli. Moto uliingia viganjani, ukapanda vifundoni, ukakaa viwikoni. Alihamisha uzito mguu huu, akahamisha mguu ule. Alitamani kukunja viwiko, akajikataza. Alitamani kukaza ngumi, akajikataza. Kidole kimoja kilichomoka. Akabaki na vilivyobaki. Mbele yake aliona kikapu juu ya mgongo wa Kiboko, kikiyumba, na akajua kwamba akikipoteza hicho hataweza tena kusema kiko njiani.

Ndipo akaona kamba inatetemeka. Na mtetemo haukutoka upande wake.

"Naachia," akaimba, sauti imekatika.

"Mmmh," akajibu Kiboko, naye sauti imekatika.

Wakakaribia ufukwe mara ya tatu. Kiboko alisikia kilio kile kimebaki mnong'ono, akasema moyoni, hapa hapa, mzunguko mmoja tu. Akageuza kichwa ili arudi katikati. Taya likagoma. Ng'a, ng'a, ng'a, meno yakagonga, mdomo ukafunguka kama mlango uliong'oka bawaba, kamba ikachomoka.

Chubwi!

"Ameachiaaa!" akatangaza Yangeyange.

Ngiri akainamisha kichwa. Digidigi akafumba macho. Kiboko akageuka kudai kikapu, lakini mdomo haukufunga tena. "Ga-gu!" akasema. "Ga-gu!"

"Si wako, Bwana," akasema Yangeyange. "Aliyeachia ni wewe. Kamba anayo yeye."

Kindi alikuwa ameketi kwenye tope la ufukweni, maji yamemfika kifuani, kijiti mkononi. Kamba nzima ilielea mbele yake, na ncha ya mbali ilikuwa na alama za meno.

Nungunungu ndiye aliyeteremsha kikapu. Watoto wakaja mbio, wakataka kumvua mama yao kile kijiti, wasiweze. Vidole havikufunguka. Ilibidi wavikunjue kimoja kimoja. Kisha wakavunja njugu, wakamlisha. Alizitafuna akiwa amefumba macho. Furaha ilikuwa bado, maana furaha nayo huhitaji nguvu.

Tangu siku hiyo Kindi akipata punje, hata iwe ndogo namna gani, huishika kwa mikono miwili. Na Kiboko akiibuka majini hupanua mdomo na kuuacha wazi. Wageni hudhani anatisha watu. Anapumzisha taya.

Kalunde binti Misigalo akafika hapo, akatazama mikono yake, akasema: "Na funzo lake, wanangu, ni hili. Mnyonge asilalamike mbele ya mwenye nguvu. Kulalamika hakujapata kumfaa mtu."

Watoto, ambao kilio cha Kindi kilikuwa bado masikioni mwao, wakasema wamelishika.

"Hadithi imefika nchi kavu!"

"Na iteremshwe!"

"Aliyelowa?"

"Ajianike!"

"Aliyebaki mkavu?"

"Akachote maji!"

Kati ya waliohusika, Kiboko alikufa kwa uzee, na inakubalika kwamba ahadi yake aliitimiza. Kindi alikufa baada yake. Nungunungu, Digidigi na Ngiri hawajulikani walipo. Yangeyange yu hai, yuko mgongoni kwa kiboko mwingine. Popo yu hai, amelala. Kalunde alifariki mwaka 1988. Kati ya watoto waliomsikiliza jioni ile, yuko hai mmoja tu, Shija, kitinda mimba wake, na yeye anasema walikuwa watoto saba, si sita.