Mbuzi wa Saru

Kaeni chini nyote, wavulana pia. Asitoke mtu.

Kwenye shule moja ya milima ya Taita walikuwako wasichana watatu. Mghoi alikuwa na macho. Kuku akipotea, mama yake alimwuliza yeye kwanza. Wakesho alikuwa na miguu. Matuta ya mahindi aliyashuka kama maji. Mkawasi alikuwa na sauti, na hakuna mwalimu ambaye hakuwahi kumwadhibu kwa sababu ya sauti hiyo.

Wa nne ni Saru, na kisa ni chake. Hedhi ya kwanza ilimjia darasani. Hakuna aliyemwambia itakuja, kwa sababu muuguzi alipotaka kuwafundisha, kamati ya wazazi ilimrudisha akiwa mlangoni, ikisema hayo ni mambo ya aibu. Saru alidhani anakufa. Mwalimu aliona doa kwenye benchi, akamwambia atoke asichafue darasa. Wenzake wakacheka. Akajifunga sweta kiunoni akatoka, na choo cha wasichana hakikuwa na mlango wala maji.

Nyuma ya shule palikuwa na duka la Mwangeka. Wasichana walijua kwamba anagawa sodo bure, ila uende peke yako, chumba cha ndani, na usimwambie mtu. Watu wazima nao walijua, wakasema Mwangeka ni mkarimu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mghoi, dirishani, alimwona Saru akilipita bomba la maji la uani na kushika njia ya dukani kwa Mwangeka. Hakungoja ruhusa. Aliwashika wenzake wawili mikono, wakatoka.

Wakesho aliwaacha nyuma. Alimkuta Mwangeka akifunga mlango wa chumba cha ndani, akaingiza mguu. Mlango ulimbana mpaka ngozi ikachubuka, naye hakuutoa.

Mkawasi alisimama mbele ya duka, akapaza sauti, akataja jina la Mwangeka na analolifanya. Wanawake waliokuwa wakisaga mahindi jirani wakaja na unga mikononi. Mwangeka akauachia mlango. Saru alikuwa ameegemea ukuta, mzima, akirudia neno moja tu: "Niache."

Jioni mwenyekiti wa kamati alikwenda kwa bibi yake Saru kuomba jambo limalizwe kimyakimya.

"Kumfundisha mtoto uliona aibu," bibi alimwambia. "Kumwachia fisi hukuona. Toka kwangu."

Asubuhi akampeleka Saru polisi, wakaandikisha maneno yote. Waliporudi, alifungua zizi akatoa mbuzi jike mwenye mimba, akamkabidhi Saru kamba ampe aliyemwokoa. Awe mmoja, maana mbuzi hagawanywi akiwa hai, na huyu hachinjwi.

Mghoi alisema bila macho yake hakuna ambaye angekimbia. Wakesho alionyesha mguu uliofungwa kitambaa, akasema mlango ungekwisha kufungwa. Mkawasi alisema mguu wa mtoto haungemshinda mwanamume mzima. Wote walisema kweli, na Saru alizidi kukasirika. Alimkasirikia Mwangeka, na mwalimu, na kamati. Sasa watoto wenzake wanashindania sifa ya kazi ambayo watu wazima waliikimbia.

Bado amesimama na kamba. Haya, wewe ungeitia mkononi mwa nani, na kwa nini?

Nanyi wazazi mliokaa nyuma, msicheke. Mkishamaliza la mbuzi, nijibuni na hili: muuguzi akirudi kesho, nani kati yenu atamfungulia mlango?