Fimbo ya Matika

Kisima hakina mlango, kina zamu. Methali ni hiyo, nzima, wala haina kifupi chake. Leo asubuhi pale bombani nimewasikia ninyi wajukuu zangu mkiiruka zamu ya yule mama mwenye ndoo mbili, na wewe Njiku ukamwambia, "Kisima hakina mlango, mama." Mkacheka. Mmeikata katikati kama muwa, mkatafuna upande mtamu. Sasa mnaniuliza, "Babu, kwani imetoka wapi?" Kaeni chini. Nimechoka kuisikia ikichinjwa, nami nilikuwepo ilipozaliwa.

Methali hii ilianza hivi.

Kabla ya malori ya mifugo, ng'ombe walikwenda sokoni kwa miguu. Sisi waswagaji tuliwatoa Singida tukawateremsha Ugogo hadi Dodoma, siku kumi na mbili za vumbi. Safari hiyo tulikuwa watatu, na ng'ombe tisini wa tajiri mmoja. Kiongozi wetu alikuwa Ntandu, mtu aliyekwisha kuipita njia ile zaidi ya mara ishirini. Wa pili nilikuwa mimi. Wa tatu alikuwa mgeni wa kazi, Lugembe, aliyesoma misheni miaka minne.

Njia ile haikuwa na polisi wala hakimu, lakini ilikuwa na sheria. Ng'ombe wa mwenzio akiingia kundini mwako, utamlisha na kumnywesha mpaka mwenyewe apatikane. Mswagaji hanywi kabla ya ng'ombe wake. Na aliyetangulia kisimani akilaza fimbo yake ukingoni, zamu ni yake, hata kama amerudi nyuma kuwaleta wanyama wake.

Ntandu alimfundisha Lugembe haya yote. Na kila alipofundishwa, Lugembe aliuliza, "Imeandikwa wapi, mzee?" Siku ya kwanza Ntandu alimjibu kwa upole. Siku ya tatu alimjibu kwa mkato. Kufikia siku ya tano alikuwa anatema mate tu na kutazama mbele.

Siku ya saba tulikuwa hatujaona maji kwa siku mbili. Ntandu alimtanguliza Lugembe na ng'ombe hamsini wenye nguvu, sisi tukafuata polepole na wale dhaifu. Tulipofika kisimani, hamsini wale walikuwa wamelala wanacheua, matumbo yamejaa. Kisima kilikuwa kimebaki tope. Kando yake alisimama mwanamke wa Kigogo na ng'ombe wanane wanaolia kwa kiu. Jina lake Matika, mjane, alikuwa anahamia kwa kaka yake. Mkononi alishika fimbo aliyoiokota vichakani.

"Nani ameitupa fimbo yangu?" aliuliza. Hakupaza sauti.

Ntandu alimgeukia Lugembe. "Uliikuta fimbo hapa?"

"Nilikuta kijiti ukingoni. Mtu sikumwona."

"Nilikuambia nini juu ya fimbo?"

"Uliniambia, mzee. Lakini tazama mwenyewe. Kisima hiki hakina mlango. Hakina kufuli, hakina bango. Kijiti kitamzuiaje ng'ombe mwenye kiu?"

Ntandu alivua kofia akaipiga pajani mpaka vumbi likaruka. "Siku saba! Siku saba nasema na kisiki! Ndiyo, Lugembe, kisima hakina mlango. Kina zamu! Kingekuwa na mlango tungelaza fimbo ukingoni ya nini? Si tungefunga tu tukaenda zetu? Huku hakuna wa kumlinda huyu mama ila mimi na wewe, na wewe ndiye uliyemwibia!"



Matika akatueleza. Ng'ombe wake wa tisa, mwenye ndama anayenyonya, alikuwa ameanguka kwa kiu, mwendo wa saa moja nyuma. Yeye alikimbilia kisimani kushika zamu, akalaza fimbo, akarudi kuwaleta wanane walioweza kutembea. Aliyeanguka alitaka kumpelekea maji kwa debe.

"Maji yote yatakayotoka sasa ni yako," Ntandu alimwambia.

Nikamnong'oneza, "Na hawa arobaini wetu?"

"Watangoja."

"Wakifa?"

"Nimesema watangoja!"

Lugembe hakuambiwa la kufanya. Alivua shati, akashuka kisimani, akaanza kufukua mchanga kwa mikono. Maji yalijikusanya taratibu, kata moja moja. Mpaka wanane wale wanywe na debe lijae, jua lilikuwa limekwisha kuelemea magharibi. Akajitwika debe, Matika akatangulia, nami nikafuata ili nisaidie kumwinua ng'ombe.

Hapakuwa na wa kuinuliwa. Ng'ombe alikuwa amekufa, na ndama amesimama ubavuni mwake bado anavuta chuchu. Lugembe alitua debe chini taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

Matika alimpapasa ng'ombe wake usoni. Kisha akamnywesha ndama kwa kiganja. Alipomaliza alimtazama Lugembe, tope mpaka kifuani, midomo imepasuka.

"Tangu ushuke kisimani umekunywa?"

Lugembe alitikisa kichwa.

Matika akachota kata, akamnyooshea. "Kunywa, baba."

"Siwezi, mama."

"Kunywa! Mmenichosha ninyi wanaume. Mimi sitaki maiti wa pili leo."

Akanywa. Alikuwa analia, na hakujifuta.

Ng'ombe wanne wa tajiri walitufia kabla ya kisima kilichofuata. Tulipofika Dodoma, tajiri alimfukuza Ntandu palepale, mbele ya watu. Ntandu alivaa kofia yake akaondoka bila kujitetea. Lugembe alipewa ujira wake kama ilivyokuwa desturi siku hizo, mtamba mmoja mwekundu. Asubuhi yake nilimwona anamswaga kuelekea tulikotoka.

"Unakwenda wapi?" nikamwuliza.

"Kwa kaka yake Matika."

"Nani amekuagiza?"

Hakusimama. Alitembea siku sita peke yake kumfikisha mtamba yule, na kwa miaka mingi baadaye, akiwa kiongozi wa misafara, aliwaambia wageni wa kazi maneno ya Ntandu, yote mawili, hilo la mlango na hilo la zamu.

Basi. Kesho alfajiri mtakwenda bombani, mtamwomba radhi yule mama, na ndoo zake mtamchotea ninyi kabla ya zenu. Wala asiniulize mtu mbona bomba halina mlinzi. Najua halina. Kisima hakina mlango, kina zamu.