Jina la Mjukuu wa Bi Mwanahamisi

Sogeeni, na mwenye simu aizime. Nawaambia mapema tusije tukalaumiana: hadithi hii ninayo mwanzo na katikati, mwisho sina. Anayetaka kwenda kulala na jibu akatafute msimuliaji mwingine. Nimeisimulia msibani, nimeisimulia harusini, na kote huko watu wamegombana mpaka chai yangu ikapoa.

Walikuwapo wanawake watatu, watafiti wa ubongo, katika hospitali moja kubwa ya mkoa. Riziki alikuwa na mikono. Nyote mna mikono, najua, lakini yeye angemshika kichwa mtoto aliyelala na mtoto asigutuke. Kazi yake ilikuwa kumvisha mgonjwa kofia yenye vidude vya chuma, maana ubongo una umeme wake, mdogo sana, na kofia ile huunasa. Mwajabu alikuwa na subira. Yeye aliifundisha kompyuta kuelewa kilichonaswa na kofia, kazi ya kurudia jambo lile lile mpaka mtu mwingine angepiga meza akaenda zake. Na Hidaya alikuwa na maswali. Ndiye aliyepanga mgonjwa aulizwe nini na kwa maneno gani. Ukikaa naye kidogo tu, unajikuta umeshamweleza hata ugomvi wako na wifi yako.

Sasa mgonjwa. Bi Mwanahamisi alikuwa mshonaji wa sare za shule, na alikuwa mwanamke mwenye maneno. Hapiti mtu mbele ya cherehani yake bila kusalimiwa, kuulizwa habari za watoto, na kutaniwa kuhusu suruali inayombana. Kiharusi kilipompiga kilichukua vyote: mikono, miguu, ulimi, hata kope hazikumtii tena. Akawa wa kulala chali akitazama dari. Madaktari wakamwambia binti yake, Tausi, ajiandae, huenda mle ndani hamna mtu tena. Tausi, na mimba yake changa, akakataa. Kila asubuhi alikuja kumwogesha mama yake, akimwinua kwa kumvuta mkono wa kushoto, akimsimulia habari za mtaani kama vile anajibiwa.

Ndipo akasikia habari za wale watatu, akaenda kuwasihi.

Riziki akaanza. Akaileta kofia, akamvisha, na kilichotoka ni kelele tupu. Unajua kwa nini? Kofia zile zimetengenezwa mbali huko, kwa nywele zinazolala zenyewe. Nywele za Bi Mwanahamisi zilikuwa nyingi, zimesimama, na vidude havikuifikia ngozi. Mkubwa mmoja wa hospitali akasema zinyolewe, mambo yaishe. Tausi akalia. Mama yake alizipenda nywele zile kuliko dhahabu, na kumnyoa ilikuwa sawa na kukubali kwamba hayupo. Riziki hakubishana na mtu. Aliomba chanuo na mafuta, akakaa kitandani, akakilaza kichwa cha mgonjwa mapajani mwake, akamsuka twende kilioni, ile mistari ya moja kwa moja isiyo na madoido, akipima njia ya ngozi ipite kila mahali ambapo kidude kingepaswa kugusa. Alimaliza jioni, mgongo umekufa ganzi. Kofia ilipovishwa tena, kelele zikatulia, na mawimbi ya ubongo wa Bi Mwanahamisi yakaonekana kwenye kioo cha kompyuta kwa mara ya kwanza.

Mwajabu akapokea. Alikuwa ameifundisha mashine yake kwa kutumia wanafunzi wa chuo, vijana wenye damu ya moto. Wakiulizwa jambo, ubongo wao huruka papo hapo. Mashine ikamwuliza Bi Mwanahamisi, ikangoja vile ilivyozoea kungoja, ikatoa uamuzi wake: hakuna anayejibu. Tausi aliposikia hayo alikaa chini sakafuni. Lakini Mwajabu alikuwa ameona kitu kidogo kwenye kioo, mstari uliotikisika wakati mashine ilikwisha kata tamaa. Akachukua kofia yake akaenda kwenye mabenchi ya kliniki, kwa wazee wanaosubiri dawa za presha. Aliwabembeleza mmoja mmoja wakubali kuvishwa. Wengine walimcheka, wengine walimwambia hayo ni mambo ya kishetani, na bibi mmoja alikubali kwa sharti la soda. Wiki kwa wiki mashine ikajifunza kwamba kuna watu wanaojibu polepole, na kwamba kuchelewa kujibu ni kujibu vilevile. Aliporudi wodini, swali likaulizwa, mashine ikatulia, ikatulia, kisha kioo kikawaka neno moja: ndiyo.

Tausi alipiga kigelegele palepale wodini, muuguzi akamfukuza.

Na hapa, jamani, ndipo penye uchungu wenyewe. Swali lile la kwanza lilikuwa la Hidaya. Alitaka swali jepesi, lisilomsumbua mgonjwa, akachagua hili: "Bi Mwanahamisi, unaendelea vizuri?" Kila asubuhi mashine iliuliza, kila asubuhi Bi Mwanahamisi akajibu ndiyo. Watafiti wakafurahi. Madaktari nao wakafurahi, wakasema kama mgonjwa mwenyewe anasema yu vizuri, dawa za maumivu za nini? Wakazipunguza. Na Tausi, moyo umetulia, akaendelea kumwogesha kwa mapenzi yake yote.

Mwaka ukakaribia nusu hivyo hivyo.

Siku moja Hidaya alipita wodi ya wanaume, akamsalimia mzee aliyening'inizwa mguu uliovunjika mara mbili. Mzee akamjibu hajambo kabisa, alhamdulillahi, akamwuliza habari za kwao, za kazi, za joto la mjini. Walipomaliza yote ndipo akasema, "Ila mwanangu, mguu huu unaniua." Hidaya akacheka. Alipofika mlangoni akaacha kucheka.

Mmeshamwelewa? Nani kati yenu aliyelelewa akalelewa, akiulizwa hali na mtu mzima mwenzake, humjibu kwamba hali ni mbaya? Unasema hujambo kwanza. Yakishapita ya heshima, ndipo unaleta "ila". Na mashine ile ilikuwa na ndiyo na hapana, haikuwa na mahali pa kuweka "ila". Bi Mwanahamisi alikuwa anasalimiwa kila asubuhi, anaitikia salamu kama mtu mwenye adabu zake, na salamu inaishia hapo.

Hidaya alikimbia ngazi zote. Hakueleza sana. Alimwomba Mwajabu aongeze jibu la tatu, kisha akavuta kiti, akamsalimia Bi Mwanahamisi kwa kirefu, yeye mwenyewe, kwa mdomo wake. Akamwuliza habari za asubuhi, za usingizi, za wajao na waondokao. Ndipo mashine ikampa yale majibu matatu. Akachagua "ila".

Mwajabu akaiamuru mashine itaje silabi taratibu, moja moja, kama zile za darasa la watu wazima alilosomea Bi Mwanahamisi, naye aitikie ndiyo ikifika anayoitaka. Ilikuja "be". Wakangoja. Ikaja "ga". Daktari akaitwa, akalipapasa bega la kushoto, akaona limechomoka tangu siku ile ya kiharusi. Ni mkono ule ule ambao Tausi alikuwa akimwinulia kila asubuhi.

Sitawaeleza Tausi alilia vipi. Mwenye mama atajaza mwenyewe.

Bega likatibiwa. Tausi alipiga magoti pembeni ya kitanda akamwomba mama yake radhi, na mama yake alitumia asubuhi nzima kumjibu neno moja: "Hukujua." Baada ya hapo waliongea kila siku, silabi chache, maana ilimchosha. Aliulizia cherehani yake. Alimtania Mwajabu kwamba ni mwembamba mno. Mimba ya Tausi ikakomaa, na siku moja Tausi akamwuliza mtoto akizaliwa aitwe nani. Ikatoka sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kutoa, Riziki akiishikilia kofia isiteleze muda wote: "Mpe jina la aliyenifungua mdomo."

Watafiti walikuwapo wote watatu. Wakatazamana. Bi Mwanahamisi alikuwa hoi, macho yamezama, wakaona wamwache apumzike, wamwulize kesho yake ni nani hasa. Alfajiri kifua kilimbana, akafa.

Siku chache baadaye Tausi akajifungua mtoto wa kike.

Sasa sikilizeni kelele zilizofuata. Mjomba wa Tausi, Mzee Shomari, alisema aliyemfungua dada yake mdomo ni mashine, na kwa kuwa mtoto hawezi kuitwa Kompyuta, aitwe jina la bibi yake mambo yaishe. Wanawake wakamwambia maneno ya marehemu hayapinduliwi kwa kutafutiwa urahisi. Basi wakawageukia watafiti.

Riziki alisema heshima hiyo apewe Mwajabu. Yeye alisuka nywele tu, na nywele husukwa kila siku. Wakamjibu kwamba bila mikono yake yule mama angezikwa hai, akisikia kila neno, na nani angejua? Mwajabu akasema apewe Hidaya, maana mashine yake ilikaa karibu nusu mwaka ikipokea salamu na kuiita afya, na yeye mwenyewe akaipongeza. Wakamjibu kwamba kabla yake mashine ilikwisha sema hamna mtu, na madaktari walikwisha amini.

Hidaya hakutaka hata kuingia ndani. Alisimama uani na buibui lake limekunjwa mkononi, akamwambia Tausi, "Usimpe mtoto jina langu. Swali lilikuwa langu. Mama aliumia miezi yote ile kwa sababu yangu, nami nilikuwa nikimwandika kila siku kuwa mzima."

Tausi akamwambia, "Na mkono uliomvuta ulikuwa wangu."

Baadaye, mtoto akinyonya, Tausi aliyasema yaliyomo moyoni. Kila akifikiri vizuri, anaona neno lenyewe, lile "ila", lililetwa na Hidaya. Kabla ya "ila" mama yake hakuwa amesema kitu, alikuwa ameitikia tu. Kisha anamtazama mtoto na kujiuliza atamwitaje kila siku, maisha yake yote, kwa jina la mtu ambaye swali lake lilimwacha mama yake kwenye maumivu. Kisha anamkumbuka Riziki aliyekilaza kile kichwa mapajani wakati wengine walitaka wembe. Kisha Mwajabu, aliyengoja wakati wengine walikuwa wamekwisha funga mlango.

Siku ya saba ikafika. Nywele za mtoto zimenyolewa, wali uko motoni, watu wamejaa mkekani. Riziki yupo, Mwajabu yupo, Hidaya amekaa mwisho kabisa karibu na viatu. Mwalimu wa madrasa amempakata mtoto, dua imeisha, ameinama kwa Tausi amwambie jina ili alitangaze. Bi Mwanahamisi angekuwapo angejibu kwa silabi tatu, lakini yuko kaburini na wa kumwuliza hayupo. Mwalimu anangoja. Tausi amekutazama wewe.

Haya, mwambie: mtoto aitwe nani?