Ufa kwenye Nguzo ya Bi Kokushubila

Hii nimetumiwa na shemeji yangu, nikaona isiishie kwangu.

Tetemeko lilipita saa nne asubuhi katika jiji moja kubwa. Halikuwa kali sana. Vioo vya maduka vilipasuka, kuta za uzio zikalala barabarani, wagonjwa wakatolewa nje na vitanda vyao. Kufika alasiri wengi walikuwa wamesharudi ndani, wakimshukuru Mungu.

Bi Kokushubila, mjane mwenye ghorofa la wapangaji, alimwita Fundi Projestus akamwonyesha ufa kwenye nguzo ya chini.

"Piga lipu, upake rangi kabla wapangaji hawajauona."

Fundi aliingiza vidole kwenye ufa, akagusa nondo.

"Mama, lipu ni nguo tu. Hapa umevunjika mfupa. Watu watoke."

"Nimekuita uzibe, sikukuita unifundishe!"

Fundi akapanda ngazi, akagonga mlango mmoja baada ya mwingine. Kabla jua halijazama, familia zote kumi na mbili zilikuwa nje na magodoro yao, zikatawanyika kwa ndugu.

"Umenibomolea nyumba!" Bi Kokushubila alimfokea. Na ili kuonyesha kwamba nyumba ni nzima, akahamia mwenyewe chumba cha chini, peke yake.

Asubuhi ya tatu alimwona Fundi ng'ambo ya barabara, amekalia ndoo iliyopinduliwa.

"Unangoja nini? Ianguke uje kunicheka?"

"Nakungoja wewe, Mama."

Hasira zikampanda. Akavua kandambili, akavuka barabara kwenda kumchapa nayo. Mkono ulikuwa juu ardhi ilipotikisika tena, safari hii kidogo kuliko mara ya kwanza. Nyuma yake ghorofa likakaa chini kwa kishindo, na vumbi likawafunika wote wawili.

Lilipotulia, bado alikuwa ameshika kandambili. Kwa mshtuko akasahau kwamba ghorofa lilikuwa tupu.

"Watoto wa juu..."

"Hakuna mtu, Mama. Wote walitoka."

Akaketi pale pale chini, akalia kama siku aliyomzika mumewe. Neno la asante halikumtoka. Alimshika tu Fundi mkono, na kwa muda mrefu hakuuachia.

Funzo: Anayekuonyesha ufa wa nyumba yako siye aliyeibomoa. Ukimfukuza yeye, ufa unabaki.