Kifuniko cha Bi Kuchakuro

Hapo zamani za kale, enzi ambazo Tembo alikuwa na mke, na ua, na mlango wa kufunga, alikuwepo Bi Kuchakuro, mfinyanzi. Mwenyewe kadogo, vyungu vyake vikubwa. Akilainisha chungu cha karamu huzama ndani mzima mzima, unaona mkia tu ukingoni, swi, swi.

Vyungu vizuri, wajukuu zangu, ila nani avione? Sokoni Nyati na Kiboko, wafinyanzi wenzake, walikuwa wamemziba kwa matumbo yao.

Siku moja akaja Fisi, mkuu wa soko, anamnusanusa.

"Bi mdogo, jua likizama na vyungu hivi bado vipo, nafasi hii nampa Nyati. Wewe utauzia kule kichakani."

"Kichakani kwa Chui?"

"Chui naye mteja," akasema Fisi, akacheka peke yake.

Bi Kuchakuro akawaza. Wanawe hata macho hawajafumbua, awapeleke kwa Chui?

Basi Tembo alikuwa anamwoza binti, na vyungu vya karamu vilitakiwa. Lakini Nyati na Kiboko walikuwa mlangoni kwake tangu alfajiri. "Vyangu chuma!" "Vyangu mlima!" Mpaka bibi harusi kichwa kikamuuma. Tembo akatoka, du, du, du.

"Mchuuzi atakayenipigia kelele tena, nitamkanyaga yeye na bidhaa yake."

Mlango, pa.

Bi Kuchakuro, aliyeyasikia hayo akiwa sokoni, akatazama jua, limeshainama. Akatwaa kifuniko kimoja, kile alichokichora maua ya mlangilangi. Akakipaka mafuta yenye hiliki, akapenya chini ya ua, chwi, akakiweka juu ya mafiga ya Mama Tembo. Kifuniko tu, chungu hakuna. Akarudi sokoni mbio.

Mama Tembo akakikuta. "Ala, kizuri hiki. Na chungu chake je?"

Akajaribu vyungu vyake vyote. Hiki kinapwaya, kile kinabana. Na kwao, wajukuu zangu, chombo cha mwenzio hakilali nyumba ya harusi, bibi harusi asije akaondoka na dai la mtu mgongoni.

"Mzee, kamtafute mwenye kifuniko kabla jua halijazama."

Tembo akaenda sokoni, kifuniko juu ya mkonga, mkewe nyuma, watu wote wanafuata.

"Changu hicho, bwana," akawahi Nyati. Akakiweka, kikatumbukia, dubwi.

"Nyati, hicho chungu au kisima?" akauliza Tembo.

Kiboko naye akajaribu. Kikakaa kama kofia ya baba kichwani kwa mtoto.

Huku nyuma Fisi ameshaanza kukusanya vyungu vya Bi Kuchakuro.

"Jua bado, mzee wangu," akamwambia Bi Kuchakuro.

"Limebaki ukucha."

Du, du, du. Kivuli kikamfunika.

"Na wewe," akasema Tembo, "jaribu."

Udongo hunywea motoni, mnajua. Na tangu avitoe tanuruni hajakijaribu kifuniko kile. Je, kimenywea? Akakiweka.

Tap.

Kikatulia kama kope juu ya jicho.

"Kumbe ni wewe uliyeniingilia nyumbani." Tembo akainua mguu.

"Bwana, ulikataza kelele," akasema Bi Kuchakuro, amejikunja nyuma ya mkia. "Mimi sikutamka neno. Nilileta kifuniko, nacho kimekaa kimya mpaka ukaja mwenyewe."

Mguu ukabaki hewani. Mama Tembo akasukuma watu, akapita.

"Mzee, shusha huo mguu taratibu, utanivunjia vyungu vyangu. Na wewe Fisi, hivyo ulivyokumbatia ni vya harusi. Vibebe mpaka nyumbani."

Fisi akavibeba, jua halijazama.

Basi shikeni hili: mlango uliofungwa haupigiwi kelele, mpe mwenye nyumba sababu ya kutoka.